Dada yetu anateswa ugenini: namna ya kumshika mkono, hatua kwa hatua

Hatakwambia "napigwa." Atakuuliza swali la pembeni huku akimfunga mtoto viatu: eti mtu akiachana na mumewe huku, kibali chake kinakuwaje? Au atakuomba umsomee barua iliyoandikwa kwa lugha asiyoijua, na ukimaliza abaki amekaa, haondoki. Au atasema ana rafiki yake mwenye shida. Mwongozo huu ni wa mtu aliyeulizwa swali hilo: jirani, mfanyakazi mwenzake, mkalimani, mama wa kanisani, dada wa msikitini, mwalimu wa mtoto wake.

Nimekaa miaka mingi kwenye kiti cha mkalimani, nikiwa sauti ya wanawake wa namna hii mbele ya polisi, wauguzi na maofisa wa uhamiaji. Nililoliona tena na tena ni hili: anayemtesa mke mhamiaji ana kamba tatu ambazo mwanaume mwingine hana. Kamba ya karatasi, maana kibali cha mke kinaning'inia kwenye jina lake. Kamba ya lugha, maana yeye ndiye anayeongea na dunia kwa niaba ya mke. Na kamba ya watu, maana karibu kila anayemjua mke katika nchi ile alimjua kupitia kwa mume. Ngumi huja juu ya hizo. Kazi yako ni kumrudishia dada huyu kamba zake mkononi, kwa mwendo wake mwenyewe. Ukizishika wewe ukaanza kumwamrisha kwa wema, utakuwa umembadilishia tu mwenye kamba.

Hatua ya kwanza: sikia kilicho chini ya swali

Usimuulize kama "ananyanyaswa". Hilo ni neno la ofisini, na wengi hawalihesabu kuwa lao. Uliza vitu vinavyoshikika. Pasipoti yako inakaa wapi? Mshahara wako unaingia kwenye akaunti ya nani? Ukiongea na mama yako kwa simu, unaongea peke yako? Ulipotaka kwenda darasani kujifunza lugha, walisemaje nyumbani? Akikasirika, hutokea nini?

Majibu yatakuonyesha ukatili usioacha alama mwilini: pasipoti iliyofungiwa kabatini, simu inayokaguliwa kila jioni, vitisho vya "nitakurudisha kwenu na watoto watabaki huku", uongo kwamba akiita polisi yeye ndiye atakayefungwa. England na Wales zilifanya mwenendo kama huu, wa kumtawala na kumtisha mwenzi kwa mfululizo, kuwa kosa la jinai mwaka 2015, hata kama hakuna kofi lililopigwa. Mweleze jambo hilo. Nimeona mabega ya mwanamke yakishuka aliposikia kwamba kuna sheria inayoliona lile alilodhani ni yeye tu anayeliona, kwa kuwa hajavunjwa mfupa.

Tena usiulize juu ya mume peke yake. Katika familia nyingi anayetesa ni mama mkwe, wifi, shemeji, kaka, au wote kwa zamu, na wengine wanatesa kwa simu kutoka bara jingine. Sema "watu wa nyumbani kwako" umwache yeye ataje nani.

Hatua ya pili: tafuta mahali na muda

Usianze mazungumzo haya kwa ujumbe wa simu. Chukulia kuwa simu yake inasomwa mpaka uwe na hakika haisomwi. Mahali pazuri ni pale ambapo angekuwa hata hivyo: kliniki ya watoto, maktaba, chumba cha kufulia, njia ya kutoka shuleni. Mkubaliane mapema mtasema mlikuwa mnaongea nini, na mseme kitu kimoja.

Mwanzo mzuri ni mfupi. "Dada, nakuona umechoka kwa namna isiyo ya kazi. Sitamwambia mtu. Ukitaka kuniambia, nipo; usipotaka, tutaongea mengine." Kama ni mkubwa kwako kwa umri, mwite anavyostahili kuitwa, mama au shangazi, na umwombe ruhusa kabla ya kugusa jambo la ndani. Heshima hiyo si mapambo. Nyumbani anaitwa majina ya kumdunisha, na huenda wewe ndiye wa kwanza siku hiyo kumwita kama mtu.

Kisha nyamaza. Akisema, mwamini, na umwambie kuwa si kosa lake. Usimwulize kwa nini hakuondoka. Swali hilo linasikika kama shtaka. Usimtukane mumewe pia. Kesho anaweza kupatana naye, na matusi yako yatamfunga mdomo asirudi kwako.

Pangeni ishara. Canadian Women's Foundation ilianzisha moja mwaka 2020 kwa ajili ya mazungumzo ya video: unaonyesha kiganja, unakunja dole gumba ndani, unalifunika kwa vidole vinne. Inajulikana sana sasa, na kwa sababu hiyohiyo huenda hata mumewe anaijua. Tungeni yenu: swali kuhusu homa ya mtoto likimaanisha "nipigie sasa hivi", au chombo fulani kikiwekwa dirishani.

Hatua ya tatu: pima hatari kabla ya kitu kingine chochote

Hapa usione haya kuuliza. Amewahi kukukaba koo? Kuna silaha ndani, au ametishia kukuua, kujiua, au kuua watoto? Vipigo vinazidi siku hizi? Una mimba? Amejua kwamba unafikiria kuondoka?

La koo nalitaja kwanza makusudi. Wanawake wengi hulisema kama jambo dogo, "alinishika tu shingo". Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa mwanamke aliyewahi kukabwa koo na mwenzi wake yuko kwenye hatari zaidi ya mara 7 ya kuja kuuawa na mwenzi huyo. Na madhara ya kukabwa yanaweza kuwa ndani pasipo alama yoyote nje: sauti kukwaruza, kumeza kwa shida, kizunguzungu, kujikojolea, kupoteza fahamu hata kwa sekunde chache. Huyo aende hospitali siku hiyohiyo, na daktari aambiwe wazi kuwa alikabwa, asiambiwe kuwa ana maumivu ya koo.

Siku za kuondoka na wiki zinazofuata ndizo za hatari kubwa kuliko zote. Kwa sababu hiyo usimsukume aondoke leo kama hakuna mpango, na usimwache aage. Barua ya kuaga haiandikwi.

Akiwa hatarini sasa hivi, ni polisi: 112 katika nchi za Umoja wa Ulaya, 999 Uingereza, 911 Marekani na Kanada, 000 Australia. Mfundishe vitu viwili tu kwa lugha ya nchi ile, mpaka avitamke hata akiwa analia: anwani yake, na jina la lugha yake kama linavyotamkwa huko. Kwa hivyo viwili gari linaweza kufika na mkalimani akatafutwa. Nilifanya zoezi hili na mama mmoja ngazini, mara kumi, ishirini, hadi mwanaye wa miaka minne akawa anaisema anwani pamoja naye.

Hatua ya nne: mkalimani

Kosa ninalolichukia kuliko yote ni kumtumia mtoto. Mtoto wa miaka tisa akimtafsiria mama yake kwa daktari namna baba alivyompiga, anabeba mzigo asioweza kuutua, na mama naye hatasema lolote la maana. Ofisi, hospitali au kituo cha polisi kikianza kumtafuta mtoto, kataa kwa upole na uombe mkalimani wa kazi. Mume asitafsiri. Wala wifi.

Kosa la pili linafichika zaidi, nalo ni kumleta mtu wa jamii yenu. Jamii ya ugenini ni ndogo. Siku moja niliitwa kutafsiri kwa simu, na kabla sijamaliza salamu nikasikia pumzi ya dada upande wa pili ikikatika. Alikuwa ameitambua sauti yangu; tulikuwa tumekutana arusini. Nikaomba kujitoa, akatafutwa mwingine kutoka mji wa mbali. Tangu siku ile, kabla ya kuanza namwomba ofisa amuulize dada kama yuko radhi na mkalimani huyu, na huuliza mimi nikiwa sisikii.

Kwa hiyo mweleze haya anayoweza kudai: mkalimani mwanamke, mkalimani kwa simu badala ya ana kwa ana, asiyetoka mji uleule, na jina lake lisitajwe. Hakikisha pia lugha ni ile anayoiota usiku. Mtu anaweza kujua Kiswahili cha sokoni, au Kifaransa cha shule, na bado asiweze kueleza aibu yake kwa lugha hiyo. Kabila na upande wa vita aliokimbia navyo vina uzito; mkalimani wa lugha sahihi anaweza kuwa, machoni pake, mtu wa wale waliochoma kijiji chao.

Na kama wewe ndiye mkalimani, usilainishe. Mwanamke akisema mumewe "anachukua haki yake hata nikilia", tafsiri hivyohivyo, neno kwa neno, kisha mwambie ofisa kuwa maneno hayo yanahitaji swali la pili. Lugha zetu zina sitara nyingi juu ya tendo la ndoa, na sitara hiyo ikihamishwa kizembe, ubakaji unaandikwa kwenye faili kama ugomvi wa mume na mke.

Hatua ya tano: karatasi

Hapa ndipo uongo mwingi unapokaa, na ndipo nitakapokaa mimi pia. Mume amemwambia: ukiniacha, unarudishwa. Wakati mwingine anaamini hivyo mwenyewe. Katika nchi nyingi zinazopokea wahamiaji si kweli, au si kweli yote.

Mkataba wa Istanbul wa mwaka 2011, wa Baraza la Ulaya, una kifungu cha 59 kinachozitaka nchi wanachama zimpe kibali chake mwenyewe mwanamke aliyekuwa akitegemea kibali cha mume, pale ndoa inapovunjika katika mazingira magumu mno. Ujerumani kwa kawaida hutaka ndoa iwe imedumu nchini humo miaka 3 ndipo mke apate kibali kisichomtegemea mume, lakini sharti hilo huondolewa pakiwa na ugumu wa kupindukia, na ukatili wa nyumbani umetajwa waziwazi katika sheria. Uingereza ina utaratibu wa kumpa mke aliyekuja kwa viza ya mwenzi ruhusa ya miezi 3 yenye haki ya kupata msaada wa serikali, ili apate pa kulala wakati anaandaa ombi la ukaazi wa kudumu.

Marekani ilitunga sheria ya ukatili dhidi ya wanawake, VAWA, mwaka 1994. Kwa sheria hiyo, mke wa raia au wa mkaazi wa kudumu anaweza kujiombea mwenyewe kwa fomu I-360, pasipo saini ya mume. Mume hapewi taarifa, na maofisa wamekatazwa kutoa habari za ombi hilo. Aliyepewa kadi ya ukaazi yenye masharti, ya miaka 2, kwa sababu ndoa ilikuwa changa anaweza kuomba masharti yaondolewe bila mume kutia saini. Ipo pia viza U, iliyoanzishwa mwaka 2000 kwa waathirika wa uhalifu wanaosaidia uchunguzi, ambayo haijali hadhi ya mume. Lakini hutolewa 10,000 tu kwa mwaka kwa waombaji wakuu, na foleni yake ni ya miaka. Kanada iliondoa mwaka 2017 sharti la kuishi miaka 2 na mwenzi aliyemdhamini, na mwaka 2019 ikaanzisha kibali cha muda kisicho na ada kwa wahamiaji walio katika ukatili wa kifamilia. Australia humruhusu mwombaji wa viza ya mwenzi kuendelea kuelekea ukaazi wa kudumu hata uhusiano ukiwa umekwisha kwa sababu ya ukatili.

Nimeyataja haya ili ujue kuna milango. Usiyatumie kumshauri mwenyewe. Sheria za uhamiaji hubadilika, na mlango unaomfaa mke wa raia unaweza kuwa umefungwa kwa mke wa mwanafunzi. Mpeleke kwa wakili wa uhamiaji au mshauri mwenye leseni, kupitia msaada wa kisheria wa bure au shirika la wanawake. Ogopa "wakala" wa mtaani anayejaza fomu kwa pesa taslimu. Fomu moja iliyojazwa vibaya inaweza kumgharimu ukaazi wake. Mpaka amwone mshauri, kuna mambo ya kumsihi sana.

Asitie saini karatasi asiyoielewa, hasa ya talaka au ya kufuta maombi. Kama jina lake liko ndani ya ombi la ukimbizi la mume, aulize kuhusu kuhojiwa peke yake na kufungua ombi lake, maana huenda ana sababu zake mwenyewe ambazo hakuna aliyemuuliza. Na asisafiri. Ujanja wa zamani ni huu: mume anamwambia twende likizo tukawasalimie wazee, wakifika anachukua pasipoti na kibali chake, anarudi peke yake, kisha anaiandikia ofisi ya uhamiaji kwamba ndoa imekwisha. Uingereza imeutambua ukatili wa aina hii, na tangu mwaka 2024 aliyetelekezwa hivyo anaweza kuomba akiwa nje ya nchi. Kwingine kurudi ni kazi ngumu mno. Safari ya ghafla, tiketi asiyoishika mwenyewe, mume anayesisitiza wabebe vyeti vyote: hizo ni dalili.

Jambo moja lazima uliseme kwa uaminifu. Zipo nchi ambazo polisi na uhamiaji hupeana taarifa. Mwanamke asiye na kibali halali akiuliza kama kuita polisi kunaweza kumletea matatizo, usimwahidi usilolijua. Kama maisha yake yamo hatarini, aite. Kama kuna saa chache za kupumua, apige kwanza simu ya msaada, asitaje jina lake, na aulize hilohilo.

Simu hizo zipo, na wahudumu wake huweza kumuunganisha na mkalimani: Marekani 1-800-799-7233, Uingereza 0808 2000 247, Ujerumani 116 016, Australia 1800 737 732. Akiwa Australia na lugha ikamshinda, apige 131 450 kwanza, ataje lugha yake, aombe aunganishwe. Apige kwa simu yako, au kwa simu ya kazini kwake.

Hatua ya sita: vyeti, ushahidi na begi

Begi lisikae nyumbani kwake kama kuna njia nyingine. Linaweza kukaa kazini, kwa jirani asiyejulikana na mume, au kwako ukiwa na hakika. Ndani yake: pasipoti na kibali chake na cha watoto, au nakala kama vimefichwa, cheti cha ndoa na vya kuzaliwa, barua yoyote yenye namba ya faili lake la uhamiaji, kadi ya benki, dawa, funguo za akiba, nguo za watoto, na fedha kidogo kidogo alizoweza kuweka. Kama hajui namba ya faili, bahasha zilizotupwa mara nyingi huwa nayo. Kichezeo kimoja cha mtoto pia. Kilio cha mtoto usiku wa kwanza mahali pageni kimewarudisha wanawake wengi kuliko tunavyokiri.

Ushahidi wake una sura ya kipekee: ujumbe wa sauti wa mama mkwe kwa lugha ya nyumbani, vitisho vilivyotumwa kwa ndugu zake walio mbali, mume akimwambia kaka yake "nitamrudisha". Wengi huufuta kwa aibu. Mwambie asifute, na asitafsiri mwenyewe. Yahifadhiwe yalivyo, pamoja na tarehe, kwenye barua pepe mpya iliyofunguliwa nje ya simu yake. Ndugu waliotumiwa vitisho wanaweza kuvitunza kwao. Daktari akiandika majeraha, aandike pia nani aliyeyasababisha kwa maneno ya mgonjwa.

Kuhusu simu: kuzima ghafla huduma inayoonyesha alipo kunamwambia mume kuwa kuna jambo. Ni salama zaidi kuiacha ilivyo mpaka siku ya kuondoka, na kuitumia simu nyingine kwa mambo ya mpango.

Hatua ya saba: wazee, dini na watu wa nyumbani

Wataalamu wengi wa kigeni huanguka hapa, kila mmoja kwa upande wake. Mmoja anasema "huo ni utamaduni wao" na kufunga faili. Mwingine anamwona mwanamke kama mfungwa wa ukoo wake, anamtaka akate kila uzi siku moja. Hakuna utamaduni ninaoujua ambao kila mtu ndani yake anakubali mke apigwe. Daima kuna shangazi aliyekataa, kuna mzee aliyemkemea mwanawe hadharani. Kazi ni kumtafuta huyo. Muulize: katika ukoo wako, au wa mumeo, nani akisema anasikilizwa, na nani angekuwa upande wako?

Mara nyingi yupo. Nimeona baba aliyeambiwa kwa simu na binti yake, akanyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Sikukuozesha ili ukafe." Sentensi hiyo moja ilifanya kilichoishinda miezi sita ya vikao na maofisa. Lakini nimeona pia mama akilia na kusema vumilia, kwa sababu dawa za baba zilikuwa zinalipwa na mkwe huyohuyo. Uliza juu ya fedha hizo waziwazi. Nani anasomeshwa kwa pesa ya mumeo? Mahari itadaiwa? Wadogo zako wa kike wataolewaje ukiachika? Usipouliza utadhani ana woga tu, kumbe amebeba nyumba nzima mgongoni.

Suluhu ya wazee nayo ina mahali pake, ila si penye vipigo. Mwanamke anayeketishwa mbele ya mumewe na wazee akaulizwa aseme shida yake, atalipia kila neno wakirudi nyumbani. Padri, mchungaji, imamu au mzee wa jumuiya akija na nia ya kupatanisha, mwambie kwa adabu: "Mzee, kwanza tuhakikishe analala salama, maongezi yatafuata akiyataka mwenyewe." Mwombe badala yake afanye yale anayoweza yeye tu: amwambie dada kwamba kukimbia kipigo si dhambi, amwambie mume asimsogelee, awanyamazishe wanaosambaza maneno. Kwa mwanamke mcha Mungu, neno hilo kutoka kinywa hicho lina uzito ambao wewe na mimi hatuna.

Na usimguse imani yake. Akitaka kufunga, kusali, au kuvaa anavyovaa, ni vyake.

Hatua ya nane: nyumba salama

Kabla hajaenda kwenye makazi ya wanawake wanaokimbia ukatili, piga simu uulize kwa niaba yake, maana akifika akakuta hapakaliki atarudi usiku uleule. Wanapokea asiye na haki ya msaada wa serikali? Wana mkalimani, au atakaa wiki akiashiria kwa mikono? Wanapokea mtoto wa kiume hadi umri gani? Nyumba nyingi huwakataa wavulana waliokwisha balehe, na mama hatamwacha mwanawe. Anaweza kujipikia? Kuna mahali pa kusali? Iko mbali kiasi gani na mtaa ambao watu wa mume wanaishi?

Mweleze sheria za nyumba hiyo kwa ukweli, ikiwa ni pamoja na upweke. Aliyelelewa katika nyumba yenye watu kumi na wawili, chumba chake peke yake kwenye korido ya kimya kinaweza kumwia kama adhabu. Panga nani atampigia jioni ya kwanza, na ya pili.

Kuhusu watoto, neno moja zito. Asivuke mpaka wa nchi nao kabla ya kuongea na wakili. Mkataba wa Hague wa mwaka 1980 juu ya utekaji wa watoto unaweza kumlazimu awarudishe katika nchi waliyokuwa wakiishi, na mama aliyekimbia kujiokoa akajikuta ndiye anayeitwa mtekaji. Kwa upande mwingine, kama anaogopa baba atawasafirisha, wakili anaweza kuiomba mahakama izuie, na shule iambiwe nani ana ruhusa ya kuwachukua.

Hatua ya tisa: akirudi kwake

Wengi hurudi, baadhi yao zaidi ya mara moja. Anarudi kwa sababu kibali hakijajibiwa, kwa sababu mtoto anamlilia baba, kwa sababu hana hata mtu mmoja wa kumsalimia kwa lugha yake. Itakuuma. Utatamani kumwambia "nilikuonya". Usiseme. Sema: "Sawa, dada. Namba yangu ni ileile. Begi liko palepale." Pitieni upya ishara yenu, maana ya zamani huenda imejulikana.

Na wewe, usilibebe peke yako. Ongea na mhudumu wa simu ya msaada. Wanawapokea hata wanaosaidia, na unaweza kueleza yote pasipo kutaja jina wala mtaa. Usimweleze mumeo, rafiki yako wa karibu, wala kikundi cha maombi, hata kwa nia ya kumwombea. Katika jamii ndogo, jina halihitajiki ili mtu atambulike. Kwenye simu yako mwandike kwa jina jingine. Kisha tazama kalenda, chagua siku ya wiki ijayo na saa ambayo mume huwa kazini, uiandike kana kwamba ni miadi ya daktari wa meno, na ikifika mpigie kumuuliza homa ya mtoto inaendeleaje.